Milimita 2 za mwaka 1987, na wiki 4 za mwaka 2018



Tarehe 25 Julai 2018 kampuni ya Nikon ilitimiza miaka 101. Siku hiyohiyo ikatoa tangazo fupi: inatengeneza kamera isiyo na kioo, yenye kihisio cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, na kamera hiyo itakuwa na mdomo mpya. Hayo tu. Jina hapana, bei hapana, vipimo hapana. Kisha zikaanza kutoka video fupifupi zenye giza, unaona paka kivuli cha kamera na mwanga ukipita pembeni, huku siku zikihesabiwa kuelekea 23 Agosti.

Kwa asiyejua: mdomo ni ile pete ya chuma mbele ya kamera, pale unapoingiza lenzi na kuizungusha mpaka isikike «tak». Kwa Kifaransa ni monture. Mimi nitasema mdomo, juu ndipo kamera inapokulia mwanga. Pete ile inaonekana kitu kidogo, kumbe ndiyo mkataba kati ya kamera yako na lenzi zote utakazonunua. Kamera ya siku hizi inazeeka ndani ya miaka 5 au 6. Lenzi nzuri inaweza kuishi miaka 40. Mdomo ukibadilika mkataba umevunjwa, na anayeuvunja haji kukuuliza.

Wiki zile 4 nazikumbuka vizuri. Nilikuwa ninamaliza lisansi ya historia pale UNILU, na kila Jumamosi nilibeba sakoshi na flashi za vieux mmoja, mpiga foto wa commune Kenya, ndoa kwa ndoa, collation kwa collation. Ndiyo kazi iliyonilipia minerval. Katika kundi letu la WhatsApp la wapiga foto watu waligawanyika. Wengine walisema Nikon haitathubutu, mdomo wake umeishi tangu 1959, hata wazazi wetu wengine hawakuwa wamezaliwa. Wengine wakasema tangazo lenyewe limesema «mpya», mnabishana nini? Mmoja alitaka kuuza lenzi zake zote wiki ileile kabla bei haijaanguka. Akauliza nani ananunua, kimya.

Vieux hakuandika kitu kwenye kundi. Alisoma, akacheka, akaniambia: «Mwana, miye nilishaonaka hii filimu. Ya kwanza ilikuwa 1987.»

Mwanahistoria ukimtajia mwaka halali. Nikaanza kuchimba.

Tuanze na kioo, maana bila kioo hizi milimita hazieleweki. Ndani ya kamera tuliyoizoea, refleksi, kuna kioo kimekaa kimshazari nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia, kioo kinaurusha juu hadi kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinaruka, pazia linafunguka, mwanga unafika kwenye filamu au kihisio, kioo kinarudi. Ile sauti ya «klak» ambayo kila mtoto wa Lubumbashi aliyepigwa foto ya komunyo anaijua, sehemu kubwa ni kioo hicho. Na kioo kinataka nafasi ya kuruka, kwa hiyo lenzi haiwezi kusogea karibu. Nikon F ya 1959 iliweka milimita 46.5 kati ya mdomo na filamu. Mdomo wa skrubu wa M42, ule wa Praktica za Ujerumani Mashariki na Zenit za Warusi, ulikuwa na 45.46. Canon za zamani, familia ya FD, zilikuwa na 42.

Namba zinachosha, ninajua, lakini zina sheria moja ndani yake. Lenzi iliyotengenezwa kukaa mbali unaweza kuivika kwenye kamera ya karibu: unaweka pete katikati, inapata umbali wake, kazi inaendelea. Kinyume chake hakiwezekani. Lenzi iliyozoea milimita 42, kwenye kamera ya 44, ingepaswa izame milimita 2 ndani ya chuma. Haizami. Utapiga ua lililo karibu na pua yako, lakini bwana harusi aliye mita 5 atakuwa ukungu.

Sasa tuone 1987. Miaka 2 kabla yake, Minolta ilitoa kamera ya 7000 iliyotafuta ukali wa picha yenyewe, bila mkono wa mtu kuzungusha lenzi, na soko likashtuka. Kila kampuni ilibidi ijibu. Nikon ilijibu mwaka 1986 kwa F-501: iliacha mdomo uleule, ikaweka mota ndani ya mwili wa kamera na kijiti kidogo kama bisibisi kinachopenya kwenye pete na kuzungusha lenzi. Mwenye lenzi za zamani hakufukuzwa nyumbani. Canon ilifanya kinyume. Machi 1987 ilitoa EOS 650 yenye mdomo mpya kabisa, EF, mpana wa milimita 54, bila kijiti wala wenzo wa chuma, paka nyaya za umeme, na mota ikawa ndani ya kila lenzi. Umbali: milimita 44. Milimita 2 zaidi ya FD. Siku moja, lenzi zote za FD zilizouzwa tangu 1971 zikawa hazina kamera mpya ya kuingia. Canon ilitengeneza kigeuzi chenye vioo ndani, lakini ni kwa lenzi chache za mbali, zile za watu wa michezo na magazeti. Mtu wa kawaida alibaki na vyake.

Vieux alikuwa mtu wa kawaida. AE-1 yake aliinunua mwanzoni mwa miaka ya 80 kwa coopérant mmoja Mbelgiji aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, pamoja na lenzi ya FD 50 inayofunguka hadi 1.4. Wateja wake walikuwa batu ba Gécamines. Siku ya mshahara mama anavaa pagne mpya, watoto wanapakwa mafuta, wote studio. Habari ya 1987 haikufika Kenya mwaka 1987. Ilifika polepole, kama zinavyofika habari za namna hiyo: unaomba lenzi nyingine kwa mtu anayekwenda Bruxelles, anarudi anakuambia hazitengenezwi tena. «Bale ba Canon bakafunga mulango,» anasema vieux. «Miye nikabakia na funguo mukononi.»

Hata angetaka kuhamia mdomo mpya, makuta yangetoka wapi? Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines ikaanza kuanguka nao. Mwaka 1991 ikaja pillage. Mishahara iliyolipa foto za familia ikakatika. Kwa hiyo vieux alipiga harusi za miaka ya 90 yote kwa kamera ambayo mtengenezaji wake alikuwa ameshaizika, na hao waliozaliwa Kenya miaka ile, foto zao za utotoni zimepita kwenye FD ile. Mimi hiyo naiita historia ya uchumi, hata kama kwenye vitabu vya Gécamines haimo.

Turudi kwa Nikon, maana sifa za uaminifu wake zinahitaji kupunguzwa kidogo. Ni kweli pete ilibaki ileile miaka 59, na mwaka 2016 kampuni ilitangaza kwamba imeshatengeneza lenzi za kubadilisha milioni 100. Lakini ndani ya pete ile kulikuwa na vyumba visivyofunguka. Mwaka 1977 kipimo cha mwanga kilibadilika, na lenzi za kabla ya hapo zikawa zinahitaji kufanyiwa marekebisho la sivyo zingeharibu kamera. Kuanzia 1996 lenzi za AF-S zikaja na mota ndani, kama zile za Canon. Na kuanzia D40 ya mwaka 2006, kamera ndogo za Nikon, zile ambazo mwanafunzi anaweza kununua, hazikuwa tena na mota mwilini. Ndiyo maana hapa mjini unamkuta kijana ana D3200 na ile 50 ya 1.8 yenye herufi D, anaizungusha kwa mkono na hajui kwa nini. Lenzi inaingia, «tak» inasikika, ila hawazungumzi.

Kwa hiyo watu wa kundi letu Julai 2018 waliposema «Nikon haijawahi kuvunja mkataba», walikuwa wanaongelea pete. Mkataba wenyewe ulikuwa umeshachanika pembeni.

Kulikuwa na njia nyingine, na mmoja kwenye kundi aliitaja: ondoa kioo, acha mdomo wa zamani, lenzi zote ziingie bila pete. Pentax ilijaribu mwaka 2012 kwa kamera ya K-01. Ilitoa kioo ikabakisha umbali uleule, kwa hiyo katikati ya kamera ikabaki nafasi tupu, nene kama tofali. Haikudumu sokoni. Ukishatoa kioo, faida yote ni kusogea karibu: kamera inakuwa nyembamba, na mafundi wa lenzi wanaweza kuweka kioo kikubwa cha nyuma jirani kabisa na kihisio, jambo ambalo F, yenye upana wa milimita 44 na umbali wa 46.5, iliwanyima kwa miaka mingi.

Waliosogea mapema ni wengine. Panasonic ilitoa Lumix G1 mwaka 2008. Sony ikatoa NEX mwaka 2010 kwa mdomo wa E wenye umbali wa milimita 18, na mwaka 2013 ikaweka kihisio kikubwa ndani ya mdomo huohuo, kamera ya Alpha 7. Hapo likatokea jambo ambalo sidhani kuna mtu wa biashara aliyelipanga. 18 ni ndogo kuliko 42. Ni ndogo kuliko 45.46 na 46.5 pia. Kwa pete ya dola chache, isiyo na kioo wala waya, kila lenzi ya zamani iliyolala kwenye kabati za dunia iliweza tena kuona mbali. FD zilizofungiwa nje mwaka 1987 zilirudi, miaka 23 baadaye, kwenye kamera ya kampuni nyingine. Watu wa Ulaya waliokuwa wanaziuza kwa bei ya sahani ya chakula wakapandisha bei.

Ninajua kuna atakayeuliza: hii ni historia ya Wajapani, sisi wa Lubumbashi inatuhusu nini?

Inatuhusu tangu mwanzo. Kamera iliingia Katanga ndani ya sanduku la mtu mwingine. Kati ya 1898 na 1900 Charles Lemaire aliongoza msafara wa kisayansi huku kwetu kwa ajili ya État Indépendant du Congo, na ndani yake kulikuwa na mchoraji, Léon Dardenne, na mpiga picha, François Michel. Waliochukuliwa picha ni wazee wetu, picha zenyewe zikaenda Tervuren. Baadaye Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ikajipigia zake: wafanyakazi kwenye mistari, mitambo, kambi, watoto wenye afya. Miaka mia moja ya picha za Katanga imetegemea zana zilizochaguliwa kwingine, kwa sababu za kwingine, zikaletwa na anayezimudu.

Na tazama kilichofanywa hapa. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi 1978 na kusoma UNILU kama sisi, alikuta picha za zamani za kampuni, akakata wale wafanyakazi na wale wakubwa wa kikoloni, akawaweka juu ya foto zake mwenyewe za rangi za magofu ya Gécamines. Mfululizo ule unaitwa Mémoire. Kisha na picha za Michel na michoro ya Dardenne akafanya kazi ya Congo Far West. Mwaka 2008 yeye na wenzake, akiwemo mwandishi Patrick Mudekereza, walianzisha Picha, ambayo ndiyo inayoandaa Biennale ya Lubumbashi. Mimi nikiziangalia kazi zile ninaona pete: kitu cha zamani kimevikwa kwenye mwili wa leo, na kinaona mbali. Pengine ni ugonjwa wa mtu aliyeshinda miezi na vipimo vya lenzi.

Kuna sababu ya pili, nayo inatoka ardhini. Kamera ya kioo inakuonyesha dunia bure. Mwanga unaruka tu hadi jichoni. Kamera isiyo na kioo haina njia ya kukuonyesha kitu bila umeme: kihisio kinafanya kazi muda wote, na skrini ndogo ndani ya jicho inawaka muda wote. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa Japani, betri moja ya Nikon D850 ilihesabiwa picha 1,840. Z7, ndugu yake isiyo na kioo, picha 330. Kwenye kazi halisi unapata zaidi ya hapo, lakini tofauti inabaki. Harusi ya kwetu inaanza asubuhi kwenye commune, inapita kanisani, inaingia salle, inatoka alfajiri. Hesabu betri 4, zote zijazwe Ijumaa usiku, katika mji ambao umeme unakwenda na kurudi kama mgeni asiyeaga.

Na betri hizo ni za lithiamu. Sony ndiyo iliyoziuza kwanza mwaka 1991, na upande wake mmoja ulikuwa oksidi ya kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, zaidi ya nusu, inatoka kwetu, upande wa Kolwezi na Likasi, na malori yanapita hapa kwenda Kasumbalesa. Mwanzoni mwa 2018 tani moja ilipita dola 90,000. Mwezi Machi mwaka huo ilisainiwa Code minier mpya, na mwisho wa mwaka kobalti ikatangazwa madini ya kimkakati, redevance 10%. Tusijidanganye: betri ya kamera ina kobalti kidogo sana, waliopandisha bei ni magari na simu. Lakini mwaka uleule ambao kundi letu lilikuwa linahesabu siku za Nikon, barabara ya Kasumbalesa ilikuwa inabeba kitu ambacho bila hicho kamera ile isingewaka.

23 Agosti ikafika. Z7 na Z6. Mdomo wa Z: upana milimita 55, umbali milimita 16, mfupi kuliko wa wapinzani wake wote wa kihisio kikubwa. Kampuni ambayo kwa miaka 59 ilikuwa na umbali mrefu, hivi kwamba hata lenzi ya Zenit haikuweza kuona mbali juu yake bila kioo cha msaada, sasa ilikuwa na mlango unaomkaribisha kila mtu. Hata lenzi za Sony, kwa pete ya milimita 2 tu, zilikuja kuingia. Bei: Z7 dola 3,400, Z6 karibu 2,000, mwili tu. Nafasi ya kadi moja, tena kadi ya XQD, ambayo hapa mjini hata kuiona ilikuwa kazi. Na ukizima kamera ili ubadilishe lenzi, kihisio kinabaki wazi. Mpeleke mtu nje na hiyo mwezi wa Agosti, na vumbi letu jekundu la kiangazi, halafu umsubiri.

Vieux aliyasoma yote hayo bila kusema. Alichotafuta ni pete, ile FTZ, ya kuvalisha lenzi za zamani za Nikon kwenye Z. Yeye wakati huo alikuwa ameshahamia Nikon: D750, lenzi moja ya AF-S, na mbili za D, ile 50 na 80-200 ya harusini, ambayo alikusanya makuta miaka mitatu kuipata. Nikamsomea: pete haina mota. Lenzi za AF-S zitatafuta ukali zenyewe. Za D hapana, ni mkono.

«Rudia.»

Nikarudia.

«Basi habakuniwachia kitu. Ni paka moja njo itaenda.»

Siku 13 baadaye, 5 Septemba, Canon nayo ikatoa EOS R na mdomo mpya wa RF, umbali milimita 20, upana ukabaki 54. Na hapa ndipo historia iliponichekesha peke yangu maktabani. Pete ya Canon ilipokea kila lenzi ya EF tangu 1987, zote, zikitafuta ukali zenyewe, bila kulalamika. Kwa nini? Juu mwaka 1987 Canon ilivunja kila kitu kwa mpigo mmoja na kuweka mota ndani ya kila lenzi, umeme mtupu. Pete inahitaji kupitisha umeme tu, na umeme unapita. Nikon, iliyokataa kuwaumiza watu wake 1986, iliwawekea kijiti cha bisibisi, na kijiti hakipiti kwenye pete isiyo na mota. Aliyevunja mkataba ndiye aliyeweza kuutimiza miaka 31 baadaye. Aliyeutunza ndiye aliyemwacha vieux na lenzi mbili bubu.

Sisemi Canon walikuwa wema. Waliomlipia wema huo ni watu wa FD, na vieux alilipa mara zote mbili: alikuwa Canon mwaka ambao Canon ilivunja, na Nikon mwaka ambao Nikon ilivunja. Nilipomwambia hivyo alisema bahati yake iko hivyo hata kwenye football.

Hakununua Z. Alibaki na D750 yake, na kwa mtazamo wangu alifanya hesabu sahihi kwa mtu anayeishi kwa harusi: betri ndefu, kadi mbili, lenzi zote zinazungumza. Alichofanya ni kingine. Mwaka 2021 mteja mmoja aliyekuwa anahama alimuuzia Alpha 7 ya kwanza kabisa, ile ya 2013, imechakaa kona zote. Vieux akaagiza pete ya FD kupitia kijana anayekwenda Dubai. Akafungua sanduku la chuma, akatoa ile 50 ya coopérant, akaifuta kwa shati. Sasa foto zake za uso, zile za wahitimu wenye toge na kofia pale Kasapa, anazipiga kwa hiyo, kwa mkono, taratibu. Wasichana wanamwambia, papa, hii yako ina rangi ya zamani. Anawatoza zaidi kidogo.

Kwenye kundi swali limebaki lilelile, linarudi kila mwezi: ninunue nini? Mimi ninajibu kama mtu wa tarehe. Kama una makuta kidogo na unataka Nikon, tafuta lenzi zenye herufi AF-S, hata zilizotumika, maana hizo zitafanya kazi kwenye mwili wa zamani na zitavuka kwenda Z siku utakapoweza. Herufi D nunua kama tu mwili wako una mota na hufikirii kuhama. Na lenzi za mkono za wazee, FD, M42, za Nikon za zamani, msizitupe wala msimuuzie mpitaji kwa bei ya soda.

Kamera za kioo za mwisho za Nikon, D780 na D6, zilitangazwa mwaka 2020, na tangu hapo haijatoka nyingine. Lakini D750, ambazo ni za 2014, ndiyo kwanza zinashuka hapa kwa wingi, kwenye sakoshi za watu wanaorudi Johannesburg, Dubai na Bruxelles. Wiki iliyopita tu nimeona tatu.